Kijiko, Mlango, Mbuzi, Blanketi, Saa

Katika ukumbi mzima wa kongamano la utafiti wa uzee, mzee alikuwa mmoja tu. Waliobaki walikuwa wataalamu wa wazee, na hao hawazeeki. Hupaka rangi nyeusi kichwani na kuendelea na mada inayofuata.

Mzee mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sabini na sita, fundi cherehani, ambaye mtaa wao ulimwita Bibi Pindo kwa sababu pindo aliloshona yeye lilidumu kuliko suruali yenyewe. Pale mlangoni kila mtu alivishwa beji yenye jina, cheo na chuo. Ya kwake iliandikwa MSHIRIKI 417.

"Mbona jina langu halipo?" alimuuliza binti wa mapokezi.

"Ni kwa ajili ya kulinda usiri wako, bibi."

"Usiri gani, mjukuu wangu, na mimi nimekuja na sura yangu?"

Binti akacheka, akampa mkoba wa kitambaa wenye kalamu, daftari na peremende moja. Bibi Pindo akaugeuza mkoba ndani nje, akaangalia mshono, akasonya.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanawe mkubwa, karani wa bima, mtu ambaye kwa miaka ishirini mshahara wake umetokana na kuwaza nyumba za watu zikiungua. Ukiwaza moto kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, hatimaye utauona hata kwenye chai. Na mamaye alikuwa amempa sababu. Miezi mitatu nyuma muuza dawa wa duka la jirani aliona moshi ukitoka kwenye chumba cha ushonaji, akavunja kidirisha, akakuta pasi imelala kifudifudi juu ya koti la mwalimu mkuu. Bibi Pindo alikuwa nyumbani anakula.

Tangu siku hiyo mwana alikuwa na wimbo mmoja: funguo. "Mama, nipe funguo za kile chumba, upumzike. Miaka hamsini na miwili unakanyaga cherehani, inatosha." Na Bibi Pindo alikuwa na jibu moja. Alikuwa akifungua droo, anatoa karatasi ya chuo kikuu yenye muhuri, anaiweka mezani.

"Kumbukumbu, tano kwa tano. Profesa kaandika. Wewe una ngapi?"

Mwana hakuwa na karatasi yoyote. Mwishowe wakaafikiana. Profesa alikuwa amewaalika kwenye kongamano ili amwonyeshe Bibi Pindo kwa wenzake, kama mtu anavyomwonyesha ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Mama akasema, "Profesa akisimama mbele za watu akasema kichwa changu kizima, habari za funguo zife."

"Na asiposema?"

"Nitazikabidhi mkononi mwako, mimi mwenyewe."

Kwa hiyo mwana alikuwa amechukua ruhusa kazini, amevaa suti, amekuja kumsikiliza profesa kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu.

Sasa, ili uelewe kilichotokea, lazima ujue habari ya maneno matano.

Miaka kumi na moja iliyopita watafiti walifika mtaani na mizani, saa na madodoso. Wakawaita wazee wote wa juu ya miaka sitini, mmoja mmoja, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati. Unabana chuma kwa mkono, unatembea hatua ishirini, halafu unaambiwa maneno matano: kijiko, mlango, mbuzi, blanketi, saa. Unaambiwa uhesabu kurudi nyuma kutoka mia, saba saba, kisha unaulizwa yale maneno yalikuwa yapi.

Mwaka ule wa kwanza ilikuwa aibu tupu. Bibi Pindo alikumbuka matatu. Jirani yake Mzee Tarishi, aliyekuwa amepeleka barua za ofisi miaka thelathini na mitatu bila kupoteza hata bahasha, alikumbuka mawili, akatoka nje, akaketi kwenye benchi, akalia mbele za watu.

"Nyamaza, kaka yangu," Bibi Pindo alimwambia. "Kosa ni lao. Hawakutoa taarifa. Mtu akikuambia anakuja kwako kesho, unafagia. Leo wamekuja kuangalia ndani ya vichwa vyetu na sisi vichwa hatujavifagia."

Mwaka wa pili wakafagia. Aliyetangulia kuingia alipotoka, wenzake wakamzunguka. "Maneno gani mwaka huu?"

"Yale yale."

"Yale yale?"

"Kijiko, mlango, mbuzi, blanketi, saa."

Wazee wakatazamana kwa huruma. "Maskini," akasema Mzee Tarishi, "wamesahau kuyabadilisha."

"Na tusiwaambie," akasema Bibi Pindo. "Watoto wa watu wamesoma mpaka macho yamewaingia ndani. Tukiwaambia wamesahau, wataona haya."

Hivyo ndivyo udanganyifu mkubwa kuliko wote katika sayansi ya ubongo wa eneo lile ulivyoanza: kwa adabu. Wazee arobaini na kitu wakaamua kuwasitiri watafiti. Mwaka wa tatu maneno yakatiwa wimbo ili Mzee Tarishi aweze kuyashika. Mwaka wa tano watoto walikuwa wakiyarukia kamba. Mwaka wa nane kinyozi wa mtaa alikuwa akipokea simu kwa kusema "Kijiko!" na mteja wa upande wa pili anaitikia "Mlango!" Alama zikapanda. Profesa naye akapanda, kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi hadi profesa kamili mwenye gari la chuo.

Turudi ukumbini. Asubuhi ile Bibi Pindo aliketishwa kwenye kiti cha sofa kilichokuwa chini kiasi kwamba magoti yalimpanda kifuani. Kwenye skrini maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Choo kilikuwa ghorofa mbili chini, na lifti, kwa mujibu wa kikaratasi, ilikuwa inasubiri fundi. Msemaji wa kwanza alizungumza dakika arobaini juu ya umuhimu wa kuwajali wazee katika usanifu wa majengo.

Wa pili alizungumzia kuzeeka kwa mafanikio.

"Na anayefeli," Bibi Pindo alimnong'oneza mwanawe, "anarudia darasa?"

"Mama, shh."

Wa tatu alikuwa bwana wa panya. Alikuwa na panya aliyekula nusu ya chakula cha wenzake na kuishi mara mbili ya umri wao. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna swali, na kabla mwana hajaushika mkono wa mama, ulikuwa umeshapaa.

"Mimi nauliza, huyo panya, hiyo miaka aliyoongezewa aliifanyia nini?"

Bwana wa panya akafuta miwani. "Alikuwa... alikuwa kwenye kizimba, bibi."

"Na njaa yake?"

"Na njaa yake, ndiyo."

"Haya. Nashukuru, nimeelewa."

Ukumbi ukacheka cheko la wasomi, lile la puani. Mwana akashika tama. Alikuwa akiomba tu saa tano ifike, profesa aseme neno lake, warudi nyumbani.

Saa tano ikafika. Profesa alipanda jukwaani akiwa na suti ya kijivu ambayo Bibi Pindo aliikagua mara moja akaona bega la kushoto limeshuka. Mada yake iliitwa "Mtaa Usiosahau". Akabonyeza kidude, na kwenye skrini ukatokea mstari mwekundu unaopanda kama ndege inayoruka uwanjani.

"Dunia nzima," akasema, "kumbukumbu hushuka kadiri umri unavyopanda. Isipokuwa hapa. Tazameni mshiriki 417. Ana miaka sabini na sita. Kila mwaka anakumbuka vizuri zaidi." Akabonyeza tena, na mstari ukaendelea mbele kwa nukta nukta mpaka ukavuka juu ya grafu. "Kwa mwelekeo huu, akifikisha miaka tisini atakumbuka maneno saba."

"Kati ya mangapi?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Kati ya matano," akasema profesa, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa grafu ilikuwa ya rangi.

Kisha akageuka akanyoosha mkono kuelekea kwenye sofa. "Ndugu zangu, kichwa cha mama huyu ni kizima kuliko vya wengi wetu humu ndani!"

Makofi yakapigwa. Mwana akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia kwa miezi mitatu, akamwinamia mamaye. "Haya mama, yameisha. Funguo ni zako. Sitazitaja tena." Akatabasamu, na Bibi Pindo akaona ni kweli amesalimu amri, tena kwa furaha, maana hakuna mtoto anayependa kumnyang'anya mama yake kitu.

Profesa akafika kwenye slaidi ya mwisho, ile ya mapendekezo. Ilikuwa na mstari mmoja. Kwa kuwa wazee wa mtaa huu hawasahau, kliniki ya kumbukumbu inayofanyika zahanati kila Jumanne ifungwe, na muuguzi wake ahamishiwe kwenye uhitaji.

Bibi Pindo, kwa macho yake ya kuona mbali, aliusoma mstari ule mara mbili.

Ndipo mkono mwingine ukapaa. Alikuwa binti mwembamba mwenye mkoba mgongoni, mwanafunzi ambaye shahada yake ya uzamivu ilikuwa bado haijakamilika. Watu wa namna hiyo ni hatari. Ndio pekee wanaosoma viambatisho.

"Samahani profesa. Hayo maneno matano, kwa miaka kumi na moja, yalikuwa yakibadilishwa?"

"Kipimo hakibadilishwi, binti. Ukibadilisha mizani kila mwaka utajuaje kama umenenepa?"

"Lakini mizani haikumbuki kilo, profesa. Hao wazee huenda wameyazoea tu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Profesa akacheka, lakini si kwa muda mrefu. "Basi tumalize ubishi. Mshiriki 417 yupo. Mpe maneno mapya hapa hapa."

Jukwaa la kongamano la uzee lilikuwa na ngazi tatu ndefu bila kishikio, kama limejengewa wanasarakasi. Wasomi wawili walimvuta juu, mmoja kila mkono. Akapewa kipaza sauti. Binti akasoma polepole: "Karoti, daraja, kofia, nyuki, sabuni. Sasa, bibi, hesabu kurudi nyuma kutoka mia, saba saba."

"Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano," Bibi Pindo alitiririka, maana mtu aliyekata vitambaa nusu karne hashindwi kutoa. Wengi ukumbini walikuwa bado wako tisini na tatu, wanatumia vidole.

"Vizuri. Yale maneno?"

Akafungua mdomo. "Kofia." "Sabuni." Akatazama dari, akatazama viatu vyake. Kulikuwa na kitu kinaruka, ana uhakika kilikuwa na mabawa, lakini jina lake lilikuwa limekwenda zake.

"Mbuzi," akasema.

Kicheko kililipuka. Profesa akawahi kipaza sauti kama kipa anayewahi mpira. "Woga wa jukwaa! Woga wa jukwaa, ndugu zangu! Nani kati yenu angekumbuka lolote mbele ya macho mia tatu? Hiki si kipimo. Bibi, ulikuwa na woga, sivyo?"

Na huo ndio ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi, alichotakiwa ni kupita. Bibi Pindo akamtafuta mwanawe. Alikuwa amesimama katika mstari wa tatu, anamwitikia kwa kichwa kwa nguvu, midomo yake inatamka bila sauti: woga, mama, sema woga. Hata yeye alitaka kuukubali uongo ule. Neno moja, na kile chumba kilikuwa chake hadi siku watakapombeba kutoka humo.

Lakini slaidi ilikuwa bado inawaka nyuma yake, na Jumanne ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Mwezi uliopita Mzee Tarishi alisimama mlangoni kwake, nyumba yake mwenyewe iko ng'ambo ya barabara, anaiona, akamuuliza kwa heshima zote: "Dada, samahani, unaweza kunielekeza kwa Tarishi?" Muuguzi wa Jumanne ndiye aliyeagiza anwani yake iandikwe ndani ya kola za mashati yake. Bibi Pindo ndiye aliyezishona, mashati sita.

Akakivuta kipaza sauti kutoka mkononi mwa profesa.

"Woga sina," akasema. "Nimewapima viuno majaji na wachungaji, nitawaogopa nyinyi? Mwanangu profesa, nisamehe. Tulikuwa tunakusitiri. Ulisahau kubadilisha maneno, sisi tukaona tukikuambia utaona haya. Tukafundishana kwenye benchi. Mtaa mzima unayajua. Ukimpigia kinyozi simu atakuambia kijiko kabla hujamwambia hujambo."

"Bibi, labda umechoka..."

"Sijachoka, nasahau. Ni vitu viwili. Mwezi wa pili nimeshona gauni la kwaya lenye mikono mitatu. Mwenyewe karudi kaniuliza, fundi, huu wa tatu ni wa Roho Mtakatifu? Nimeunguza koti la mwalimu mkuu. Siku hizi naandika kila kitu kwenye karatasi nakibandika kwa pini kwenye kitambaa: jina, kiuno, siku ya kuchukua. Vipimo sisahau, ila watu nasahau ni wa nani. Mtaa wetu unasahau kama mitaa mingine. Tena kuna mwenzetu amesahau kwake. Kwa hiyo hiyo Jumanne muiache ilivyo. Na hilo bega lako la kushoto limeshuka, mwambie fundi wako aongeze pedi."

Akamrudishia kipaza sauti. Safari hii watu walicheka kwa mdomo mzima. Binti wa mkoba alikuwa anaandika kwa kasi kiasi cha kutoboa karatasi.

Kwenye gari, mwana hakuwasha injini. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Umeniongopea miaka mingapi, mama?"

"Mimi? Aliyekuambia ni profesa. Mimi nilinyamaza tu."

"Ungesema woga. Nilikuwa nimeshakubali."

"Najua, baba. Nilikuona."

Akafungua mkoba wake wa ngozi, akatoa funguo mbili za kufuli la chumba, akaziweka kiganjani mwake na kukifunga kiganja kwa vidole vyake. Walikuwa wameafikiana, na mtu wa kuvunja ahadi hakuwa yeye. Mwana aliyekuwa amezililia kwa miezi mitatu akaziangalia kama vile amekabidhiwa jino la mtu.

Na hapo ingekuwa mwisho, kama mwana angekuwa amefikiri vizuri. Makubaliano yalihusu funguo. Cherehani haikutajwa.

Jumapili mama aliziazima kwa saa moja akatoe vitu vyake, akazirudisha. Siku ya Jumatatu mwana akiwa kazini, wabeba mizigo wawili waliishusha cherehani sebuleni kwake, kati ya televisheni na kabati la vyombo. Mama alikuwa ameambiwa aje kupumzika kwa mwanawe, naye alikuwa amekuja. Jumanne wateja walishaijua njia. Jumatano mke wa karani alirudi na mboga akamkuta mzee wa kanisa akiwa na fulana na soksi, mikono juu, anapimwa kifua kwenye korido. "Shikamoo," akasema mke, kwa kuwa hakujua kingine cha kusema. "Marahaba, mwanangu," akasema mzee wa kanisa, akijikaza asijifunike.

Alhamisi kwaya ilikuja, watu thelathini na wanane, kujaribisha magauni. Kwaya haiwezi kujaribisha bila kuimba. Ijumaa karani aliketi kwenye kochi lake mwenyewe akainuka haraka kuliko alivyowahi kuinuka maishani, na pini ikatolewa na mkewe kwa kibanio cha nyusi. Nyuzi zilikuwa kwenye wali. Vipande vya kanga vilikuwa kwenye sinki. Mkwe, ambaye siku zote alikuwa upande wa mumewe katika suala la funguo, aliingia chumbani, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Ama mama arudi kwake kushona, ama na mimi nimtafute profesa anipime kichwa."

"Atachoma nyumba!"

"Mpenzi, sasa hivi hiyo pasi iko sebuleni kwetu."

Karani wa bima alikaa na hoja hiyo usiku kucha.

Huku nyuma, kliniki ya Jumanne iliachwa iendelee. Mwaka uliofuata profesa alitoa makala mpya kuhusu jinsi wazee wanavyofundishana, ugunduzi mkubwa kuliko ule wa kwanza, na jina lake likatangulia. La binti wa mkoba likawa la mwisho. La Bibi Pindo halikuwekwa, kwa ajili ya kulinda usiri wake. Watafiti walirudi zahanati na maneno mapya, na Mzee Tarishi alipata moja, akatoka akaketi kwenye benchi, na safari hii hakulia, maana hakuna aliyepata zaidi ya matatu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya tisa ya cherehani sebuleni, karani aliamka mapema, akaitafuta pikipiki ya mizigo mwenyewe. Akaisindikiza cherehani hadi kwenye kile chumba kando ya duka la dawa, akafungua kufuli, akaingia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Ukutani kulikuwa kumejaa karatasi: ZIMA. UMEZIMA? RUDI UANGALIE. Juu ya swichi ya pasi kulikuwa na kamba nyekundu iliyofungwa hadi kwenye kitasa, hivyo kwamba mtu asingeweza kufungua mlango atoke bila kuizima. Mwalimu mkuu alikuwa ameunguliwa na koti. Baada ya hapo hakuna kilichoungua.

Alisimama akaisoma ile kamba kama mtu wa bima, akaivuta mara mbili, akaona inashika.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu hii?"

"Ungeniuliza kwa nini nimeifunga."

Akaweka funguo juu ya meza ya kukatia. "Moja yako, moja yangu. Nitapita kila siku nikitoka kazini kuangalia."

"Karibu." Bibi Pindo alikuwa tayari ameketi, mguu kwenye kanyagio, anatafuta tundu la sindano. "Na ukija kesho uje na suruali hiyo hiyo. Miguu yake inafagia barabara, na watu wanajua wewe ni mtoto wa nani."